Kabla ya Koleo: Mwongozo wa Akiolojia ya Jamii katika Mitaa ya Kihistoria ya Wamarekani Weusi

Anayetembea upande wa magharibi wa bustani ya Central Park jijini New York, kati ya barabara ya 82 na ya 89, anakanyaga mtaa wa watu. Mwaka 1825 Andrew Williams, kijana Mweusi wa miaka 25 aliyeishi kwa kung'arisha viatu, alinunua viwanja vitatu hapo kwa dola 125, na kanisa la AME Zion, la Wamethodisti Weusi, likanunua vingine jirani yake. Kufikia sensa ya jimbo ya mwaka 1855, mtaa huo ulioitwa Seneca Village ulikuwa na wakazi wapatao 225, thuluthi mbili yao wakiwa Weusi, ukiwa na makanisa matatu, shule na mahali pa kuzikia. Mwaka 1857 wote walikuwa wamekwisha kuondolewa ili bustani ijengwe, na magazeti ya siku hizo yaliwaita wavamizi wa ardhi, ijapokuwa miongoni mwao walikuwamo wengi wenye hati halali za viwanja vyao. Hati hizo zilibeba mengi: kwa katiba ya jimbo ya mwaka 1821, mwanamume Mweusi hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na mali ya dola 250, sharti ambalo wanaume weupe hawakuwekewa.

Utafiti wa mtaa huo, ulioongozwa na Cynthia Copeland, Nan Rothschild na Diana Wall, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Uchimbaji wenyewe ulifanyika mwaka 2011, kwa majuma manane. Yaani ilipita zaidi ya miaka kumi ya kusoma nyaraka, kuzungumza na makanisa, kupima ardhi kwa rada na kuomba kibali, ndipo udongo ukafunuliwa kwa muda mfupi kuliko muhula mmoja wa shule. Naomba msomaji aushike uwiano huo, kwa sababu nimejitolea katika kazi za namna hii na nimeona watu wema wakianza na koleo, kisha wakashangaa kwa nini wenyeji wanawatazama kutoka barazani bila kushuka.

Mwongozo huu ni wa wakazi, viongozi wa makanisa, walimu na wanafunzi wanaotaka kuchunguza, kwa akiolojia ya jamii, yaani uchimbaji wa mabaki ya kale unaofanywa pamoja na wenyeji, mtaa wa kihistoria wa Wamarekani Weusi, uwe bado una watu au umebaki uwanja wa kuegesha magari. Waswahili waishio katika miji ya Marekani nao wanaweza kuutumia, kwani miongoni mwetu wako waliopanga nyumba katika mitaa hiyo hiyo bila kujua ni nani waliolala humo kabla yao.

Swali ni la wenyeji

Mradi wa akiolojia wa Annapolis, jimboni Maryland, ulianza mwaka 1981. Wachimbaji walipowaendea hatimaye wakazi Weusi wa mji huo na kuwauliza wangependa kujua nini, walijibiwa kwa maswali. Je, sisi tuna akiolojia? Tumechoka kusimuliwa utumwa peke yake. Je, mnaweza kutueleza habari za uhuru? Na je, kuna chochote kilichobaki kutoka Afrika? Maswali hayo ndiyo yaliyoelekeza mahali pa kuchimba. Swali la uhuru liliwafikisha kwenye nyumba ya John Maynard, mtu Mweusi huru aliyenunua kiwanja chake mwaka 1847. Swali la Afrika liliwafundisha kuvitazama upya vitu vilivyofichwa chini ya sakafu za nyumba ambamo watumwa walifanya kazi, kama vile fuwele za kwatzi, yaani vijiwe viangavu, zilizowekwa pamoja na vitu vingine vidogo, ambavyo watafiti walivihusisha na desturi za kinga na uganga za Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mchimbaji asiyeulizwa swali hilo angeweza kuvihesabu kama takataka zilizopenya kwenye nyufa za mbao.

Mfano wa kinyume ulitokea Manhattan mwaka 1991, wakati ujenzi wa jengo la ofisi za serikali kuu ulipofukua makaburi ya Waafrika wa karne ya 17 na ya 18. Mifupa ilianza kutolewa kwa haraka ya ratiba ya ujenzi, na wazao hawakushirikishwa. Yalifanyika maandamano na mikesha ya sala, bunge la taifa likaingilia kati, na mwaka 1993 mabaki hayo yalianza kuhamishiwa Chuo Kikuu cha Howard kwa utafiti ulioongozwa na mwanaanthropolojia Michael Blakey. Hapo utaratibu uligeuzwa: jamii ya wazao ilitambuliwa kuwa ndiyo mwenye kazi, na maswali ya utafiti yalipangwa pamoja nayo. Watu hao walitoka wapi, waliishi katika hali gani, walibadilikaje kutoka Waafrika hadi Wamarekani Weusi, na walipingaje utumwa? Marehemu 419 walizikwa upya mwezi Oktoba 2003, na mwaka 2006 mahali hapo palitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kikao, na kikao kina namna yake. Kifanyike mahali ambapo watu wamezoea kukutana, kama ukumbi wa kanisa baada ya ibada ya Jumapili, maktaba ya mtaa, au kinyozi ikiwa mwenye duka anakubali. Usiende na ramani iliyokwisha kuchorwa mashimo. Nenda na karatasi kubwa nyeupe, uwaombe watu wachore mtaa kama wanavyoukumbuka: duka la nani lilikuwa wapi, mti upi ulikaliwa na wazee, basi liliishia wapi. Wanapobishana juu ya mahali pa mlango wa kanisa la zamani, usiwakatize, kwa maana ubishi huo ni taarifa. Wasalimu wazee kwa jina la heshima na jina la ukoo, na umngoje mwenyewe akupe ruhusa ya kumwita vinginevyo. Katika jamii hizi, ambazo wazungu waliwaita watu wake wazima watoto kwa vizazi kadhaa, kosa hilo dogo la salamu linakumbukwa muda mrefu.

Kikao hicho, au cha tatu au cha nne baada yake, kizae kamati yenye uwezo wa kusema hapana. Kamati isiyoweza kuzuia kitu ni pambo. Andikeni makubaliano mafupi yanayoeleza vitu vitakavyopatikana vitakuwa vya nani na vitahifadhiwa wapi, nani atazungumza na waandishi wa habari, kazi itasimamishwa vipi ikiwa mifupa ya binadamu itaonekana, na nani atalipwa. Juu ya malipo msimamo wangu ni thabiti: ikiwa profesa analipwa mshahara kwa siku aliyokuja mtaani, basi mzee anayetoa saa tatu za masimulizi na kijana anayechekecha udongo juani nao walipwe, na bajeti iandikwe hivyo tangu mwanzo. Kwa wanaotafuta wataalamu wenye asili ya jamii hizi, kipo Chama cha Wanaakiolojia Weusi kilichoanzishwa Marekani mwaka 2011.

Kumbukumbu na karatasi

Masimulizi yarekodiwe kabla ya nyaraka kusomwa kwa kina, kwa sababu anayehoji akiwa amejaza kichwa tarehe huanza kumsahihisha mzee badala ya kumsikiliza. Omba ridhaa kwa maandishi, mwachie msimulizi nakala ya sauti yake, na umpe haki ya kufuta sehemu yoyote. Uliza mambo ya mkono na ya jikoni: maji yalitoka wapi, choo kilikuwa wapi, majivu ya jiko yalimwagwa wapi, kuku walifugwa upande gani, nguo zilianikwa wapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuonyesha pa kuchimba.

Kisha rudi kwenye karatasi. Ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, zilizoanza kuchorwa mwaka 1867, huonyesha kila jengo, umbo lake na vifaa vyake vya ujenzi kwa rangi, na nyingi zimewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Bunge la Marekani. Pandanisha ramani za miaka tofauti, utaona banda la uani likitokea, likikua, likitoweka. Sensa ya taifa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Ile ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto wa mwaka 1921 jijini Washington, kwa hiyo pengo hilo la miaka ishirini lizibwe kwa vitabu vya anwani vya miji, ambavyo mara nyingi viliweka herufi au alama mbele ya majina ya wakazi Weusi. Ubaguzi uliokusudiwa na alama hiyo leo unamsaidia mtafiti kuwatambua watu wake. Majina ya watu wa sensa hufunguliwa baada ya miaka 72, na ya mwaka 1950 yalifunguliwa mwaka 2022. Kumbukumbu za benki ya watu walioachwa huru, iliyodumu kutoka 1865 hadi 1874, mara nyingi hutaja wazazi, ndugu na mahali mtu alikozaliwa. Usisahau rejista za kanisa, ambazo pengine zimo ndani ya kabati la mke wa mchungaji aliyestaafu, na hutaziona mpaka atakapokuamini.

Ramani za mikopo ya nyumba za miaka ya 1930, zilizopaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi na kuinyima mikopo, zisomwe pamoja na mipango ya ubomoaji iliyofuata Sheria ya Makazi ya mwaka 1949 na Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1956. Rondo mjini St. Paul, Black Bottom mjini Detroit, Overtown mjini Miami na Hayti mjini Durham zilipasuliwa na barabara kuu. Unapaswa kujua tarehe ambayo matrekta yaliingia mtaani kwako, kwa sababu utaikuta tarehe hiyo ardhini.

Kibali, mabomba na makaburi

Nchini Marekani, kitu kinachopatikana katika ardhi ya mtu binafsi ni mali ya mwenye ardhi, na katika ardhi ya jiji, jimbo au serikali kuu zipo sheria za kibali. Pata ruhusa ya maandishi kwa vyovyote vile, hata kama mwenye kiwanja ni shemasi mnayeketi naye benchi moja. Mwenye ardhi asaini pia makubaliano ya kamati juu ya vitu, kwani ukarimu wa mdomo huisha siku kitu cha thamani kinapotokea.

Siku kadhaa za kazi kabla ya kuchimba, piga simu namba 811, ambayo ni ya bure nchini kote. Wahusika wa mabomba na nyaya zilizofukiwa watakuja kuchora ardhini kwa rangi mahali zinapopita: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka, na rangi ya chungwa ni nyaya za mawasiliano. Pima udongo ujue kiasi cha madini ya risasi. Rangi ya nyumba yenye risasi ilipigwa marufuku mwaka 1978 tu, na petroli yenye risasi ilitumika kwa miongo mingi, kwa hiyo udongo wa uani katika mitaa hii, hasa ile iliyo kando ya barabara kuu, mara nyingi una sumu hiyo. Watoto wavae glavu, wanawe mikono kabla ya kula, na viatu vya kazi visiingie nyumbani. Shimo lisizidi mita moja na nusu kwenda chini bila kingo kuimarishwa.

Kuhusu makaburi sitasema mengi, ila hili litiiwe: ukikuta mfupa unaodhani ni wa mtu, simamisha kazi, funika kwa kitambaa safi, usipige picha ya kutuma popote, na uite kamati pamoja na mamlaka inayotajwa na sheria ya jimbo lako. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya taifa ya kuhifadhi maziara ya Wamarekani Weusi, lakini utaratibu wa kila jimbo bado unatofautiana.

Kuchagua pa kuchimba

Watu wengi hutaka kuchimba penye msingi wa nyumba. Msingi unafaa, lakini maisha hukaa uani. Tafuta mahali pa choo cha shimo kwenye ramani na katika masimulizi. Choo cha shimo kilipoachwa, kwa kuwa bomba la maji taka lilifika au nyumba ilibadilisha wapangaji, mara nyingi kilijazwa takataka kwa muda mfupi, na takataka hizo hubaki zimefungwa kama barua ndani ya bahasha. Katika mitaa mingi ya Weusi mabomba hayo yalichelewa kufika kuliko katika mitaa ya weupe wa mji huo huo. Mwaka wa chupa za juu kabisa ndani ya choo unaweza kuwa ushahidi wa jinsi jiji lilivyogawa huduma.

Pale ambapo hakuna ramani nzuri, anza na mashimo madogo ya majaribio yenye upana wa koleo moja na nusu, yakipangwa kwa mstari kila baada ya mita tano. Rada ya kupenya ardhini husaidia ukipata chuo chenye kifaa na mtu wa kuisoma. Katika kiwanja kilichojaa matofali yaliyovunjika itakuonyesha vivuli vingi kuliko ukweli.

Sasa jambo ambalo nadhani wachimbaji hulikosea zaidi. Tabaka la kwanza utakalokutana nalo, nusu mita au zaidi, mara nyingi ni kifusi cha ubomoaji: matofali, lipu, vioo vya madirisha, vipande vya sakafu ya linoleamu. Desturi ya wengi ni kulikwangua kwa mashine ili wafikie karne ya 19. Msifanye hivyo kabla ya kuchimba angalau sehemu moja yake kwa mkono. Kifusi hicho ndicho siku ambayo mtaa ulikufa, na baadhi ya watu waliokuwapo wako hai, wameketi barazani wanawatazama. Lipu iliyobaki na karatasi ya ukutani yenye maua, kigae cha bafu kilichowekwa upya muda mfupi kabla ya amri ya kuhama, gari la bati la mtoto: vitu hivi hujibu madai ya mipango ya jiji kwamba nyumba zile zilikuwa mabanda yasiyofaa kukaliwa na watu.

Weeksville, mjini Brooklyn, inaonyesha kile kinachoweza kuokolewa. Mtaa huo ulianza baada ya James Weeks kununua ardhi mwaka 1838, na ulikuwa umesahaulika mpaka mwaka 1968, James Hurley na rubani Joseph Haynes walipouona kutoka ndegeni kwa kufuata njia ya kale ya Hunterfly iliyokuwa imepinda vibaya kati ya barabara zilizonyooka. Wakazi, vijana wa skauti na wanafunzi wa shule ya mtaa waliokoa vitu katika eneo lililokuwa linabomolewa, na watoto hao walikwenda kutoa ushahidi mbele ya tume ya urithi ya jiji. Nyumba za Hunterfly zilipewa ulinzi mwaka 1970.

Ndani ya shimo

Vifaa ni vichache: mwiko wa mwashi wenye ncha, ndoo, beleshi la mdomo ulionyooka, vigingi, uzi, pima maji, futi ya utepe, brashi, na chekecheke yenye matundu ya milimita 6 iliyofungwa juu ya fremu ya mbao. Pima mraba wa mita moja kwa mita moja, hakikisha ulalo ni mita 1.41, na uchague kona moja ya kupimia vina vyote. Chimba tabaka kwa tabaka, na tabaka nene ligawanywe kwa sentimita kumi kumi. Kila tabaka lina mfuko wake, namba yake, picha yake na ukurasa wake wa daftari.

Mfundishe anayeanza hivi. Apige magoti nje ya mraba, atumie ubavu wa mwiko badala ya ncha, auvute kuelekea kwake kwa mikwaruzo mirefu isiyozama zaidi ya unene wa sarafu. Sakafu ya shimo ibaki bapa kama meza. Baada ya muda atasikia tofauti kabla ya kuiona: udongo wa mfinyanzi hulalamika chini ya chuma, majivu hukaa kimya, na ukingo wa choo kilichofukiwa hujitokeza kama duara la udongo mweusi na laini katikati ya udongo wa njano. Anyunyize maji kidogo, rangi zitajitenga. Hapo asimame na kuita wenzake, mstari uchorwe kwanza, halafu udongo mweusi uchimbwe peke yake, usichanganyike na wa njano.

Mpe kila mtu zamu katika chekecheke. Ni kazi ya vumbi na wengi huikwepa, lakini kifungo cha shati, jino la kitana, shanga na mfupa wa samaki huonekana hapo. Lebo iandikwe kwa penseli au kalamu isiyofutika, moja ndani ya mfuko na nyingine nje. Mimi niliwahi kuandika lebo za siku nzima kwa kalamu ya kawaida. Mvua ikanyesha jioni, na vipande vya mifuko kumi na minne vikabaki bila kwao. Tuliviweka, lakini haviwezi kujibu swali lolote.

Kazi ikiisha, tandika kitambaa cha kutenganisha udongo chini ya shimo, weka sarafu ya mwaka huo juu yake, kisha fukia. Atakayechimba baadaye atajua alikoishia mtu wa kwanza.

Kuosha na kusoma vipande

Kauri na kioo huoshwa kwa maji na mswaki laini. Chuma, ngozi, mbao na nguo havioshwi. Hupanguswa vikiwa vikavu, na ikiwa vilitoka katika tope vibaki na unyevu wao mpaka mtaalamu avione. Osheni mezani mkiwa pamoja, watoto na wazee, kwa kuwa mazungumzo ya saa hiyo hayapatikani kwa hojaji.

Tarehe nyingi mtaisoma wenyewe. Mshono wa kioo unaopanda mpaka juu ya mdomo wa chupa unaonyesha mashine ya karne ya 20. Ukiishia shingoni, chupa hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya zamani zaidi. Mdomo wa kizibo cha bati chenye meno hautangulii mwaka 1892. Chupa ya pombe yenye maandishi ya kukataza kuuzwa au kutumiwa tena kwa amri ya sheria ya taifa ni ya kati ya 1935 na 1964. Sahani yenye jina la nchi ilikotoka kwa kawaida ni ya baada ya sheria ya ushuru ya mwaka 1890. Misumari ya duara ya waya ilitawala kuanzia miaka ya 1890. Kabla yake ilikuwa misumari bapa iliyokatwa.

Maana ni ngumu kuliko tarehe. Katika nyumba ya Maynard kule Annapolis zilipatikana chupa na makopo mengi ya bidhaa zenye chapa za kitaifa. Mtu angeweza kusema familia ilipenda anasa. Paul Mullins, aliyechunguza vitu hivyo, alionyesha sababu nyingine: bidhaa iliyofungwa kiwandani, yenye ujazo na ubora uliowekwa mapema, ilimkinga mnunuzi Mweusi dhidi ya muuza duka wa mtaani aliyempunja kwenye mizani au kumchanganyia unga na uchafu. Vivyo hivyo chupa ya pombe uani si cheti cha ulevi, kwa sababu chupa zilijazwa tena siki, mafuta ya taa na dawa za nyumbani. Kabla ya kutangaza maana ya kitu chochote, ipelekeni kamatini. Huko Seneca Village, katika nyumba ya William Godfrey Wilson, mtunza kanisa la All Angels, yeye na mkewe Charlotte walikolea watoto wanane, ilipatikana birika ya chuma, na katika mtaa huo kiatu kidogo cha mtoto na vipande vya kauri ya China. Vitu hivyo vilitosha kuonyesha aina ya meza iliyoandaliwa na watu walioitwa wavamizi.

Meza ya ukumbini

Kabla ya ripoti kuandikwa, rudisheni vitu mtaani kwa siku moja. Tandikeni meza ndefu katika ukumbi uleule wa kikao cha kwanza, pangeni vipande kwa nyumba vilikotoka na si kwa aina, ili mtu aone vyombo vya bibi yake mahali pamoja. Wekeni taa nzuri, viti vya kutosha na miwani ya kukuzia. Vitu msivyovitambua vikae mbele kabisa, kila kimoja na kadi tupu na penseli kando yake.

Katika ukumbi wa namna hiyo niliwahi kuweka kipande cha mviringo cha kioo cheupe kama maziwa, upana wa kiganja cha mtoto, kikiwa na herufi chache zilizokatika ukingoni. Nilikuwa nimekiandika kwenye rejista kuwa kisahani. Mama mmoja aliyepita umri wa miaka themanini alikichukua, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akacheka taratibu. "Hiki si kisahani, mwanangu. Hiki hukaa ndani ya kifuniko cha zinki, cha chupa za kuhifadhia matunda, ili zinki isiguse chakula. Mama yangu alikuwa akinipa chupa hizo nizioshe kila mwisho wa kiangazi, kwa sababu mkono wangu uliingia chupani." Akakaa kwenye kiti, akaeleza mti wa fyulisi ulisimama wapi, ni majirani gani walipelekewa chupa wakati wa baridi, na mti huo ulikatwa mwaka gani. Kijana mmoja wa mradi aliandika huku mama huyo akisema, na jioni hiyo tuliupata mti wenyewe kwenye picha ya angani ya mtaa, nukta nyeusi nyuma ya nyumba ya tatu.

Kadi yake iliingia kwenye rejista chini ya namba ya kipande kile. Neno langu halikufutwa. Lilipigwa mstari mmoja ili lisomeke, na kando yake tukaandika utambuzi wake, tarehe, na jina lake kwa idhini yake. Katika rejista yako, safu ya mtambuzi ichorwe tangu siku ya kwanza, na iwe pana.